Kikohozi na Kisima cha Cucu

Ule ulikuwa mwaka wa ugali wa manjano. Mtu wa rika langu aliyezaliwa pande zetu za Mbeere hahitaji nimtajie tarehe. Mtama ulikufa ukiwa kimo cha goti, mawele yakafuata, kunde hazikuota kabisa, na mbuzi wakaanza kula paa za nyasi. Ndipo serikali ikaleta mahindi ya njano kutoka ng'ambo. Yalinuka gunia na dawa. Ugali wake ulikuwa na rangi ya kiini cha yai, na watu wazima walisema huko yalikotoka ni chakula cha ng'ombe. Cucu, mama yake baba, ndiye alikuwa akinilea mwaka huo, kwa maana mama alikuwa amepanda Embu kutafuta kibarua cha kuchuma kahawa. Cucu aliusonga ule ugali, akautazama, akasema, "Kama ng'ombe wa huko wanakula hivi kila siku, basi wananishinda kuishi." Tukala. Tumbo lilinguruma, lakini asubuhi tuliamka.

Nimekumbuka haya kwa sababu ya pua. Juzi juzi nilikuwa Kinoru, Meru mjini, kwa binti yangu, nimesimama kando ya uwanja nikimsubiri mjukuu atoke shule. Lori kubwa likaja likasimama karibu bila kuzima injini, mzigo wake umefunikwa turubai kuukuu iliyolowa dizeli, na jua lilikuwa limeipiga tangu asubuhi. Harufu ya turubai moto ikanishika. Mjukuu akanikuta nimefunga macho.

"Shosho, unaumwa?"

"Siumwi. Nasikiza. Silinda moja ya hiyo injini haifanyi kazi."

Akacheka, akaenda kumwuliza dereva. Dereva akanitazama kama mtu aliyeona mchawi mchana. Mimi sikushangaa. Shule niliiacha darasa la nne, lakini somo hilo la injini nililisoma nikalimaliza.

Siku zile bwawa la Kiambere lilikuwa likijengwa, na mizigo ya bwawa haikuwa ya kubebwa na lori la kawaida. Kulikuwa na vyuma vikubwa kuliko nyumba yetu, vimelazwa juu ya trela lenye matairi mengi hata nikiyahesabu nilipotea katikati nikaanza upya. Gari moja lilivuta mbele, lingine likasukuma nyuma, na kwenye mteremko lile la nyuma ndilo lilishikilia mzigo usikimbie. Yalikuwa magari ya jeshi ya zamani, yaliyouzwa yakanunuliwa na watu wa kubeba mizigo. Boneti ndefu kama jeneza la mtu mrefu. Magurudumu yalinipita kimo. Mgongoni yalibeba sanduku la chuma lililojazwa mawe na vipande vya reli, ili uzito ukandamize matairi yasiteleze. Yalitembea polepole kuliko mwanamke mja mzito. Mtu alitangulia kwa miguu na kitambaa chekundu, na sisi watoto tulimpita, tukamsubiri mbele, akatufikia, tukampita tena, mchana wote ukaisha hivyo.

Shida ilikuwa rangi. Malori ya jeshi lenyewe, yale yaliyoleta mahindi, yalikuwa ya kijani. Na haya ya kuvuta mizigo hakuna aliyeyapaka rangi mpya. Yalibaki na kijani chake cha zamani kilichochujuka. Kwa watu wa kwetu yote yalikuwa magari ya jeshi. Vumbi likionekana upande wa Siakago, wanawake walinyakua magunia wakakimbia barabarani, wakafika wanahema, wakakuta ni chuma cha bwawa. Na chuma hakipikwi.

Mimi nilidhani kinapikiwa. Mzigo wa kwanza niliouona ulikuwa wa mviringo, umefunikwa turubai, na Cucu alikuwa ameniambia kwamba wale watu wanakwenda kupika mto wapate moto. Njaa ina hesabu zake. Nikaona hiyo ni sufuria. Sufuria ya Mbeere nzima. Ingefikishwa Kiambere, ingewekwa juu ya mafiga makubwa kama vilima, na sisi tungeitwa na bakuli zetu. Nililala nikiamini hivyo siku nyingi, na wala sikumwambia mtu, nisije nikaambiwa foleni ni ndefu.

Siku msafara uliposimama kwetu ili injini zipoe, nilimwendea dereva wa gari la mbele. Aliitwa Saidi, Mwislamu wa Meru mjini, mtu wa kofia nyeupe na ndevu zilizotiwa hina, aliyewahi kuwa dereva jeshini. Cucu alikuwa nyuma yangu na kibuyu cha maji.

"Baba Saidi, mtapakua lini?"

"Tutapakua nini?"

"Chakula. Kwenye hiyo sufuria."

Saidi alikaa kwenye kipandio cha gari akacheka mpaka akavua kofia. Halafu akaiona miguu yangu jinsi ilivyokuwa imekonda, akaacha kucheka.

"Hii haipiki chakula, mwanangu. Hii itapika taa."

"Taa hailiwi," Cucu akasema.

"Hailiwi, mama. Lakini utaona unachokula."

"Mwaka huu heri nisione."

Tangu siku hiyo walielewana. Kila msafara ulipopita, Saidi alishuka, akanywa maji ya Cucu, akasema hakuna maji matamu kama hayo mpaka Moyale. Na mimi alinifundisha. "Usiangalie rangi," alisema. "Rangi ni nguo, na nguo hata mwizi anavaa. Sikiza kifua." Malori ya mahindi, alisema, yana sauti ya juu, ya haraka haraka, kama wanawake waliochelewa soko. Haya makubwa yanaongea tumboni. Magari mawili ya msafara wake yalitoka kiwanda kimoja, yamefanana kama pacha, hata wafanyakazi wenzake waliyachanganya. Lakini la Saidi lilikohoa kila likipumzika: moja, mbili, kimya, halafu moja. Tukaliita Kikohozi. Lile la nyuma lilinguruma sawasawa bila neno, tukaliita Bubu. "Kikohozi huyu ni askari mstaafu," Saidi aliniambia, akipiga boneti kofi. "Kama mimi. Usimchekee kifua." Nikashika hilo vile vile lilivyo. Nilikuwa nikipita karibu naye, namwamkia.

Haukupita mwezi, wanawake wakaacha kukimbia ovyo. Vumbi likionekana walikuja kwanza kwa Cucu kuniuliza mimi. "Marigu, ni chakula ama ni chuma?" Nalaza sikio chini, wao wamesimama juu yangu na magunia, wanawake wa umri wa mama yangu, kimya. "Chakula," nasema, na wao mbio. "Chuma. Kikohozi mbele, Bubu nyuma," na wao wanarudi kukaa kivulini. Sikuwahi kukosea. Mara moja tu, na siku hiyo nilikuwa na homa.

Sasa niwaambie habari ya kisima, kwa sababu ndiyo yenyewe. Mto wetu ni wa msimu. Kiangazi kikiingia unabaki mchanga mtupu, lakini maji yako chini, na anayejua pa kuchimba anayapata. Cucu alijua. Alichimba shimo lililompita kimo, akalizungushia miiba ya mgunga, akatundika kibuyu kidogo kwenye tawi. Sheria yetu ilikuwa hivi: kisima cha mchangani ni cha aliyekichimba. Mpita njia mwenye kiu haombi ruhusa, anashika kile kibuyu anakunywa anaenda. Lakini kujaza mtungi, lazima umwombe mwenyewe. Mwaka ule visima vingine vilikauka, cha Cucu hakikukauka, na kila jioni watu walikuja kuomba. Alikuwa mjane asiye na ng'ombe, lakini pale mchangani alikuwa mtu mkubwa.

Daraja la pale lilikuwa la mbao, halingebeba hata Kikohozi peke yake. Kwa hivyo watu wa msafara walipita mtoni penyewe. Walitandika mabamba ya chuma juu ya mchanga, na kabla ya kuvuka, Saidi alishuka akatembea njia yote kwa miguu, akachomeka kijiti mbali na miiba ya Cucu, ndipo akapanda. Kila safari, hata akiwa hana mzigo.

Siku yenyewe nilikuwa na mbuzi upande wa juu. Vichaka vilikuwa katikati, sikuona kitu. Nikasikia Kikohozi akiteremka, bila trela, bila Bubu. Nikafurahi, nikaanza kukusanya mbuzi ili nishuke kumsalimu Saidi. Halafu gia zikalia. Zililia kama nguruwe anayeshikwa miguu. Sikuwahi kumsikia Kikohozi akilia, nikaona ameugua. Injini ikapanda juu, ikazama, gia zikalia mara mbili nyingine, kisha akaupanda ukingo wa ng'ambo akaenda zake.

Nilipofika, miiba ilikuwa imelala ndani ya mchanga. Kibuyu kilikuwa vipande vipande. Pale palipokuwa shimo palikuwa na alama za matairi, na chini kidogo unyevu uliochanganyika na oili, unang'aa rangi rangi.

Cucu alikuja. Alizunguka pale mara mbili. Halafu akaniuliza, "Ni gari gani?"

Nilijua. Lakini niliwaza kofia nyeupe, na yale maji matamu mpaka Moyale, na kwamba dereva akiharibu anafukuzwa. Nikasema, "Sijui, Cucu. Yote yanafanana."

Alinitazama. Mwanamke aliyekuwa ameona nusu ya kijiji ikisubiri sikio langu. "Haya," akasema, akaokota kipande kimoja cha kibuyu akakitia kwenye kanga.

Tukaanza kwenda kuteka maji mpaka mto Tana. Tulitoka alfajiri tukarudi jua likiwa upande wa pili, na punda wa kuazima ambaye alilala chini kila akichoka. Watu waliokuwa wakimwomba Cucu maji walitembea nasi njia hiyo hiyo, na hakuna aliyenilaumu, na hilo ndilo lilikuwa baya zaidi. Saidi alipita siku ya tatu. Alishuka, hakuuangalia mchanga. Cucu hakumpa maji.

"Mama, nimeona. Pole."

"Pole hainyweki."

Akasimama kidogo, kofia mkononi, kama mtu mwenye neno la kusema. Akarudi garini. Mimi nikasema moyoni, basi ni yeye, angekuwa na haki angesema. Mtoto hajui kwamba mtu mzima anaweza kunyamaza kwa sababu ya mwajiri wake.

Cucu si mtu wa kunyamaza. Alikwenda kwa naibu wa chifu akakaa mlangoni. "Sitaki pesa yao," alisema. "Nataka shimo langu. Wana mashine ya kuchimba mlima, wachimbe na shimo langu." Naibu wa chifu alikuwa mtu wa haki, ingawa mwoga kidogo. Aliita baraza pale pale mtoni, na nyapara wa msafara akaja, mtu mnene wa viatu vya ngozi, na magari yake mawili. Lori la mahindi pia lilikuwa limesimama hapo kwa ajili ya mgao, na askari waliokuwa nalo wakakaa kutazama.

Nyapara alizungumza vizuri sana. "Mama, tunakuhurumia. Lakini malori ya jeshi yanapita hapa kila wiki. Nani atajua ni lipi? Nenda ukalishtaki jeshi." Watu wakacheka kicheko cha woga, maana nani atamshtaki anayemlisha. Halafu akanionyesha kwa kidole. "Hata mjukuu wako, ambaye naambiwa ni bingwa, amesema mwenyewe yote yanafanana."

Hapo damu ilinipanda. Ningeweza kuvumilia uongo wangu mwenyewe, lakini kuurudishiwa na mtu mwingine, mbele ya wale wanawake, hapana.

"Hayafanani," nikasema.

Naibu wa chifu akasema, "Basi na ajaribiwe."

Walinigeuza nikaelekea ukingoni, wakanifunika leso kichwani. Nilisikia harufu ya jasho langu na ya sabuni ya aliyenipa leso. Na chini ya ile leso ndipo nilipotambua nilichojifanyia: nikiyataja sawasawa, nitaulizwa ni lipi lililovunja kisima, na nitamtaja Saidi kwa mdomo wangu.

Injini ya kwanza ikawaka. "La mahindi." Ikazimwa. Ya pili. "Bubu." Watu wakanong'ona. Ya tatu, ile ile tena, wakidhani watanitega. "Ni Bubu bado. Mnamchosha." Mmoja wa askari akapiga kofi pajani akasema huyu apelekwe karakana.

Kilichofuata niliambiwa baadaye, kwa sababu nilikuwa nimefunikwa. Nyapara alimwashiria Saidi kwa kidole ashuke, akapanda Kikohozi yeye mwenyewe. Alikuwa na wazo kwamba Saidi hunipa ishara kwa kukanyaga mafuta. Akawasha, na Kikohozi akakohoa: moja, mbili, kimya, halafu moja. Nikafungua mdomo nimtaje, na machozi yalikuwa tayari yameshaanza. Ndipo nyapara akaona kuwasha tu hakutoshi, akataka kulisogeza.

Gia zikalia kama nguruwe anayeshikwa miguu.

Nilisimama chini ya leso nikaelewa. Kikohozi hakuwa ameugua siku ile. Gari lilikuwa lile lile, mkono ndio haukuwa ule. Miezi yote ile nilimsikia Saidi akibadilisha gia kama mtu anayefunga mlango mtoto amelala.

"Ni Kikohozi," nikasema. "Ndiye aliyepita juu ya kisima. Na anayemwendesha sasa ndiye alikuwa akimwendesha siku ile. Si Saidi. Saidi halizi gia."

Injini ikazimwa. Nikavuta leso mwenyewe. Kila mtu alikuwa akitazama juu, na kule juu, nyuma ya usukani, alikuwa amekaa nyapara.

Mnaotaka kujua yaliyofuata, ni haya. Siku ile ya gia, Saidi alikuwa ametumwa Embu kuchukua vipuri, na nyapara alikuwa na haraka ya kurudi kambini. Mashine yao ililetwa, ikachimba pale pale, wakateremsha pete za simiti, na kile kisima kipo hadi leo. Mwaka jana niliyanywa maji yake. Cucu alikunywa wa kwanza, akampa Saidi wa pili. Saidi aliendesha Kikohozi mpaka mzigo wa mwisho ukafika Kiambere. Alipokuja kuaga alimletea Cucu kibuyu kipya, na mimi akaniamkia kwa mkono kama mtu mzima. Mama alirudi mvua iliponyesha. Nilikua, nikaolewa, nimezaa sita, nina wajukuu kumi na mmoja, na hakuna hata mmoja kati yao anayejaribu kunidanganya ameingia nyumbani saa ngapi.

Lakini hayo yote yalikuja baadaye. Pale mtoni, nyapara alishuka taratibu, akapangusa mikono, akaja akachuchumaa mbele yangu mpaka uso wake ukawa sawa na wangu. Sauti yake ilikuwa laini.

"Mtoto mzuri. Jua ni kali, na umefunikwa kichwa muda mrefu. Mtu yeyote anaweza kukosea. Sema tu labda umekosea, twende nyumbani."

"Sibadilishi. Nilichosikia nimesema."

Naibu wa chifu akakohoa. Akanisogelea, akaniwekea mkono begani. "Marigu, huyu ni mtu mkubwa. Fikiri. Kama kuna kubadilisha, badilisha sasa, hakuna atakayekucheka."

Nilimtafuta Cucu. Hakunisaidia. Alikuwa ametazama ng'ambo, anatafuna mswaki wake wa mti kama mtu anayesubiri mbuzi warudi. Saidi alikuwa ameangalia viatu vyake. Wanawake wa magunia walikuwa wamesimama vile vile walivyokuwa wakisimama nikilaza sikio chini, wakisubiri neno moja. Nikaikunja ile leso, nikawageukia wote wawili.

"Sibadilishi. Nilichosikia nimesema."